Kipunji wa Uyole na Kipunji wa Iringa

Kima aitwaye kipunji ana koo mbili tu duniani. Moja hukaa katika misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone. Nyingine katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, mkoani Iringa. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla ya hapo. Koo hizo hazikuwa zimeonana hata siku moja, mpaka mahindi yalipozikutanisha.

Mzee Tembo wa Ruaha alifungua ghala Iringa. Akamweka Kipunji wa Rungwe pale Uyole apokee mahindi, na Kipunji wa Ndundulu akae ghalani aamue yapi yapakiwe na nani alipwe. Habari zilipelekwa usiku na Mbawala, akipita Igawa, Makambako na Mafinga.

Mama Nungunungu alifika Uyole na magunia, watoto, deni la mbolea na ugomvi wa mpaka na jirani. Kipunji alimsikiliza yote, kisha akachomoa mambo matano: jina, kijiji, unyevu, magunia, bei. Akayapanga mstari mmoja, na kila mistari kumi akaifunga fungu. Baadhi ya programu zinazochakata data kwa mafungu hufanya kazi iyo hiyo: kitu huingia kizima, sehemu zake zinazotakiwa huchomolewa na kuwekwa kwenye safu, na safu ndiyo husafiri. Mwenyewe hubaki nyuma. Anayesoma upande wa pili hana uso wa kutazama. Ana nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Siku moja Kipunji wa Rungwe aliugua, akashika kalamu Ngedere. Wakulima hutaja magunia kabla ya unyevu, maana ndiyo fahari yao, naye akaandika kama walivyotamka. Mama Nungunungu alikuwa amerudi na magunia 20 yenye unyevu wa asilimia 12. Ngiri alikuwa na magunia 12 yenye unyevu wa asilimia 20.

Iringa, Kipunji wa Ndundulu alihesabu mambo matano kila mstari. Nafasi ya tatu namba, ya nne namba. Hakuna kilichomshtua. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, kwa hiyo mahindi makavu ya Mama Nungunungu yakakataliwa, na mabichi ya Ngiri yakapakiwa. Ngiri akalipwa fedha za magunia 20, akanyamaza.

Baada ya wiki chache lundo likaanza kutoa joto, kisha ukungu. Ukungu huo huweza kuzaa sumukuvu, inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kupikwa. Mzee Tembo akawaita Kipunji wote wawili. Wa Ndundulu akauliza:

"Kaka, hii 20 ni nini?"

"Magunia."

"Kwangu ilisomeka unyevu."

Simlaumu Ngedere. Mpangilio ulikuwa vichwani mwa wawili, haukuwa popote kwenye karatasi, na kwa uzembe huo mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri alirudishwa nyumbani. Wakakubaliana kila fungu litangulie na mstari wa majina ya nafasi. Mwandishi aulize kila jambo kwa jina lake, asifuate mdomo wa msemaji; na pasipo na jibu, nafasi ibaki wazi, la nyuma lisisogezwe mbele. Bahati daftari la Uyole lilikuwa limetunza maelezo mazima, hivyo mistari yote kumi ikachomolewa upya. Ngiri akarudisha fedha. Mahindi yake yakafukiwa.

Mama Nungunungu hakutulia. "Nilimuuzia mchuuzi kwa nusu bei, maana deni la mbolea lilikuwa limeiva. Nililitaja nilipofika Uyole. Katika mstari wenu lilikaa wapi?"

Mzee Tembo akaagiza alipwe tofauti ya bei, na deni lipewe nafasi. Kipunji wa Rungwe hakugusa kalamu kabla ya kumgeukia mwenzake.

"Kaka, hili la sita tuliweke mwisho, yale matano yasihame. Nawe usilisome mpaka ulione jina lake juu ya fungu."