Pwani Imehamia Eldoret

Wanaosema wakubwa wa jiji wamelala wana husuda tu. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini tangu tutunukiwe hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, mvua ya nusu saa yatosha kutupa ufuo. Mombasa ina kisiwa kimoja; hapa kila duka ni kisiwa. Likoni wanapanga foleni ya feri. Sisi bodaboda anakuvusha papo hapo, viatu mkononi, nauli mkipatana katikati ya maji. Mitaro nayo imezibwa kwa chupa na magunzi ya mahindi choma, kwa hekima kubwa, maji yasije yakatorokea mto Sosiani. Waheshimiwa, ombi letu ni dogo: bajeti ijayo, tupandieni minazi.