Hata Mimi Nimetolewa kwa Mkopo

Jirani, karibu, sogea huku kuna kivuli. Usiniulize kwa nini leo nimekalia kreti ya soda na benchi liko pale. Tutafika.

Kwanza nikupe siri ambayo Machakos nzima inaijua. Mimi mpira sijui. Miaka yote hii nimekaa kwa kile kibanda cha chai kando ya uwanja wa Kenyatta, kila Jumatatu asubuhi tunachambua mechi za wikendi, na mpaka leo ofsaidi imenishinda. Nimeelezwa kwa vifuniko vya soda. Nimeelezwa kwa punje za muthokoi. Siku moja kinyozi alinivua viatu anielezee kwa viatu, mvua ikaanza, watu wakatawanyika, kiatu kimoja sijakiona tena. Ofsaidi ikabaki pale pale.

Zamani ilikuwa rahisi. Unasema tu "kipa ni mbovu," watu wanaitikia, unaongezewa chai. Siku hizi vijana wa boda wameharibika. Wanaongea kama wahasibu. Kila mchezaji anapewa alama kwa kumi. Huyu sita nukta nane. Yule saba nukta moja. Nukta moja ya nini, jamani? Aliteleza kidogo? Wanasema beki wa kushoto anaingia katikati anakuwa kiungo. Sasa kule kushoto amemwachia nani? Nikiuliza wanaangaliana. Juzi mmoja akasema fulani ana hamstringi. Nikasema hongera yake, mimi hata baiskeli sina. Kumbe ni msuli wa nyuma ya paja.

Lakini hayo maneno yakitoka uwanjani tu, yakaingia kwa maisha ya mchezaji, hapo jirani mimi ndiye profesa. Nani amechelewa mazoezi. Nani ameonekana klabu saa tisa usiku. Nani amenuniana na kocha. Hayo sihitaji kuelezwa na mtu. Ivan Toney alipofungiwa miezi minane mwaka 2023 kwa mambo ya kubeti, niliongea nusu saa bila kunywa maji. Nikawaonyesha vile mtu anaanza na mkeka wa shilingi ishirini, anakosa kwa timu moja tu, anaongeza hamsini ajikomboe, mwisho anauza redio ya nyumba na kumwambia mke imeibiwa.

Kinyozi akauliza, "Toney aliuza redio?"

Nikaitisha chumvi.

Na Cantona je? Vijana hawa hawakuwa wamezaliwa. Januari 1995, pale kwa Crystal Palace, ametoka na kadi nyekundu, shabiki anamrushia matusi, jamaa akaruka na teke lake mpaka kwa mashabiki. Miezi minane nje, na korti ikampa saa 120 za kazi ya jamii. Mimi namwelewa kabisa. Niliwahi kumrukia kondakta hivyo hivyo pale stendi, kwa ajili ya chenji ya mbao. Tofauti ni kwamba Cantona alimfikia mtu wake. Mimi nilifika kwa mtaro.

Shida yetu Wakenya ni kwamba wachezaji wetu hawatupi kazi. Chukua Victor Wanyama. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Novemba 2012, akiwa Celtic, aliifunga Barcelona kwa kichwa na Barcelona ikalala mbili kwa moja. Februari 2018 akiwa Tottenham akaachilia kombora pale Anfield, hata mimi nisiyejua mpira nilijua hilo ni bao. Sasa tafuta kitu alichofanya nje ya uwanja. Utapata nini? Aliandika Twitter kwamba amekula spageti, ilikuwa tamu sana, na ameifurahia. Basi! Hiyo ndiyo skendo yetu sisi. Wenzetu wanaendesha magari kwa ukuta, wa kwetu amekula akashiba akashukuru. Na dunia ikamshikia hiyo spageti miaka na miaka.

Mimi nilichukua hiyo kama ushauri wa kitaalamu. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama watoto leo tunapika tambi, chakula cha wachezaji.

"Leta," akasema.

"Nilete nini?"

"Pesa ya tambi."

Tulikula muthokoi. Ilikuwa tamu sana na niliifurahia. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniandikia.

Lakini usidhani sijawahi kuona mpira wa ukweli. Nilikuwepo Desemba 2017, fainali ya CECAFA ilipoletwa hapa kwetu, Kenya na Zanzibar. Yaani nilikuwepo kiasi. Ovella Ochieng alifunga mapema mimi bado niko foleni ya geti. Nikakaa mechi yote naangalia watu wanakimbia, kelele, vuvuzela kwa sikio, karibu na mwisho nikaona tumeshinda, wacha nitoke mapema nipate boda ya bei poa. Nimefika barabarani, Zanzibar wakasawazisha. Askari wa geti akakataa kunirudisha ndani. Muda wa nyongeza Masoud Juma akafunga, Khamis Makame akarudisha tena, yote nikiyasikia kwa ukuta kama mtu anayesikiza majirani wakigombana. Penalti vile vile. Patrick Matasi anapangua, uwanja unalia, mimi nauliza mwenye mahindi choma, "Ni sisi au ni wao?" Kombe likabaki Kenya. Mahindi nilikopa.

Sasa tuje kwa Jumatatu iliyonileta kwa hii kreti.

Kijana mmoja wa boda alikuja na jezi ya Barcelona, mpya, bado ina mikunjo ya mfuko. Akaanza kumsifu Marcus Rashford. Eti ametolewa Manchester United kwa mkopo, amefika Barcelona, na kule Newcastle amefunga mabao mawili kwa Ligi ya Mabingwa. Vijana wakaanza kutoa alama zao. Nane nukta tano. Nane nukta saba. Mimi nikaona hapa nikingoja nitazikwa na nukta. Nikapiga meza.

"Huyo tabia yake mnaijua? Mmesahau Belfast?"

Jirani, nikuambie ukweli. Mara ya kwanza kusikia hiyo stori, Januari 2024, nilidhani Belfast ni jina la baa. Nikauliza kama ni ile iliyo nyuma ya Marikiti. Nikaelezwa ni mji, uko Ireland ya Kaskazini. Sawa. Lakini stori yenyewe niliishika. Kijana ameonekana akijivinjari Belfast usiku, Ijumaa akaambia kazi kwamba ni mgonjwa, mazoezi hakuenda, Jumapili timu ikacheza na Newport County bila yeye. Mambo ya mpira hapo ni wapi? Hapo ni mambo ya kazi, ya bosi, na ya tumbo la uongo. Niko nyumbani kabisa.

Nikasimama. Nikasema mwanaume wa kudanganya bosi wake kwamba anaumwa hana adabu. Nikasema huyo ni mwizi wa saa za watu. Nikasema huko kwetu Masaku mtu kama huyo angeitwa na wazee. Sauti imepanda, mkono uko juu, mate yanaruka. Simu ikalia.

Bosi.

Sasa lazima ujue kwamba asubuhi hiyo saa kumi na mbili nilikuwa nimemtumia bosi ujumbe. Mimi ni karani wa stoo ya hadiwea, Jumatatu ndiyo lori la simiti linakuja, na magunia yakihesabiwa karani lazima abebe mawili matatu kwa heshima. Kwa hivyo nilikuwa na malaria. Nikachukua simu, nikalegeza sauti, nikaikunja mpaka ikawa ya mtu wa dripu.

"Hallo... bosi..."

"Uko wapi?"

"Niko... foleni ya daktari..."

Na ni dakika hiyo hiyo mama wa kibanda aliamua kuita, sauti yake unaijua, inafika Mumbuni: "Nani aliitisha chapati mbili ndengu?"

Kimya kidogo kwa simu.

"Huyo ni nesi?" bosi akauliza.

Nikasema ndiyo. Jirani, nikasema ndiyo! Akasema nimwambie nesi aniwekee pilipili, na kesho nije mapema, kuna magunia yangu nimewekewa kando. Nikaweka simu chini. Hakuna mtu aliyekuwa anatafuna. Hata nzi walikuwa wametulia.

Yule wa jezi ya Barcelona akasema polepole, "Mzee, Rashford ile wiki Alhamisi alirudi akafunga Wolves. Wewe Alhamisi utafunga nani?"

Wakacheka mpaka kinyozi akatoka na mteja wake, amenyolewa upande mmoja.

Nikajaribu kujitetea. Nikasema mimi ni mzee wa watu, na isitoshe siyo Belfast tu, kocha wake wa Manchester United wakati ule, Ruben Amorim, Januari 2025 si alisema hadharani afadhali aweke benchi kocha wa makipa wa miaka 63 kuliko mchezaji asiyejituma kila siku? Hapo ndipo nilikosea. Mama wa kibanda alikuwa anapangusa meza. Akasimama na kitambaa.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, mwaitu."

"Basi alisema vizuri. Toka kwa benchi yangu. Afadhali nikalishe paka. Paka hana deni."

Akaingia ndani akatoka na daftari. Lile la mistari, jalada limelowa mafuta. Akalifungua ukurasa wangu. Ukurasa nimesema, lakini zilikuwa tatu. Kwa wengine kumeandikwa majina. Kwangu kumeandikwa tu "YULE". Akaanza kusoma kama mtangazaji wa vifo redioni. Chai na mandazi, ishirini na tano. Chapo mbili. Chai. Chai. Ndengu na "ataleta jioni". Chai, "amesema ametumiwa pesa". Jumla shilingi 1,340.

"Na huyo kijana unayemtukana," akasema, "mtoto wangu aliniambia mwaka wa korona alipigania watoto wa shule walishwe wakiwa likizo, mpaka serikali ya Uingereza ikageuza msimamo. Watoto wa wengine! Wewe umelisha nani hapa?"

Kitu cha kujibu sikuwa nacho. Nilitaka kusema kuku, lakini kuku pia walikufa.

Vijana wakanipa alama. Kwa kumi. Uchezaji, sifuri, kwa sababu ofsaidi. Nidhamu, moja. Kutafuta nafasi kwa meza ya chakula, tisa nukta tano. Wakagawanya. Sikujua waligawanya na ngapi, ila nilitoka na tatu nukta tano, na kinyozi akasema wamenihurumia.

Halafu yule wa jezi akatoa wazo. Akasema klabu ikichoka na mchezaji, haimfukuzi, inamtoa kwa mkopo. Rashford alienda hivyo Aston Villa, nao walikuwa na nafasi ya kumnunua moja kwa moja, wakakataa. Ndiyo akaenda Barcelona. Mimi nikasema jamani, mkopo ninaujua, mkopo ndio maisha yangu. Wakasema sio huo. Huu ni kwamba unaenda kula kwingine, na huku daftari linabaki wazi.

Wakavuka barabara na mimi. Watu sita, kama nimeshikwa na nyumba kumi. Kuna kibanda kingine upande ule, cha baba mmoja mpole anayeuza chai na mayai ya kuchemsha. Akatusikiza. Akaniangalia kutoka viatuni, ambavyo havifanani, mpaka kichwani.

"Kuna vipimo vya afya kwanza," akasema.

Nikaanza kufungua shati. Akasema hapana, toa simu. Akataka kuona salio la M-Pesa. Nikamwambia mtandao uko chini. Kijana wa boda akanipa mtandao wake, ana roho safi sana, Mungu amsamehe. Salio sifuri nukta sifuri sifuri. Chini yake Fuliza, shilingi 412 wananidai. Baba wa mayai akanirudishia simu kwa vidole viwili.

"Huyu ana jeraha la zamani," akasema. "Hata bure simchukui."

Wakanirudisha. Mama wa kibanda akasema yeye ameshanifuta kwa kikosi, benchi paka amelala, lakini yuko na kreti tupu kando ya jiko la makaa, naweza kukaa hapo mpaka mwisho wa mwezi, bora nisichambue mtu yeyote, na maji yakiisha mimi ndiye wa kwenda kwa bomba. Mtungi ni wa lita ishirini. Na jana baada ya magunia ya bosi nimesikia kitu kimevutika nyuma ya paja hapa, nikiinama kinauma.

Jirani, unaona ile sufuria inachemka? Mwambie mama akuwekee vikombe viwili. Sema kimoja ni chako.