Naomba Mkopo wa Miaka Arobaini

Waheshimiwa Wenye Kikokotoo,
Popote mlipo,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUKOPESHWA MIAKA 40 NA MIEZI 3

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawasalimu kwa unyenyekevu wote aliobakiwa nao mwalimu wa Hisabati wa shule ya msingi, ambaye kustaafu kunambishia hodi. Naandika mapema, nikingali na akili timamu na salio kwenye simu, maana nimewaona walionitangulia wakiingia ofisini kwenu na mafaili na kutoka na namba ya dirisha jingine.

Nianze na hesabu, ndiyo kazi mliyoniajiri. Tumchukue mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, aliyetumikia taifa miaka 30. Nimechagua namba za kufanyia hesabu kirahisi. Mwenye daraja la chini asininunie. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, miezi yake 360 tungeigawa kwa 540, tukazidisha kwa mshahara wa mwaka, tukazidisha kwa 15.5, kisha tukampa nusu. Anaondoka na shilingi 62,000,000 mkononi na 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni yenu ya sasa, hicho kikokotoo, tunagawa kwa 580, tunazidisha kwa 12.5, tunampa asilimia 40. Anapata 37,241,379 mkononi na 372,414 kila mwezi.

Mnatuambia tufurahie hiyo pensheni ya mwezi iliyonona. Nami nimefurahi, nikachukua chaki. Mkononi amepungukiwa 24,758,621. Kila mwezi ameongezewa 39,081. Ili nyongeza hiyo ifidie alichokosa, inatakiwa miezi 633 na ushee, yaani miaka 52 na miezi 9. Mtumishi aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa amerudishiwa chake atakapotimiza miaka 112 na miezi 9. Hapo shilingi tumeihesabu kana kwamba haishuki thamani, kwa heshima yenu tu.

Sasa ile 12.5 yenu, waheshimiwa, ndiyo miaka mnayomkadiria mstaafu kuishi. Kwa maneno mengine mmenipangia kuondoka nikiwa na miaka 72 na nusu, na deni mmepanga kulimaliza nikiwa na 112 na ushee. Katikati hapo pana pengo la miaka 40 na miezi 3. Ndiyo hiyo ninayoiomba kwa mkopo.

Masharti yangu ni nafuu. Marejesho nitayafanya kwa kanuni yenu wenyewe: siku nitakapofariki nitawalipa asilimia 40 ya miaka hiyo kwa mkupuo, na iliyobaki nitairejesha kidogo kidogo kila mwezi, nikiwa kaburini, bila kuchelewa. Dhamana ninayo. Fedha za wanachama zimejenga majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na pale Kigamboni mfuko wa hifadhi ya jamii ulibeba asilimia 60 ya gharama za daraja lililofunguliwa 2016. Mwenye hisa kwenye daraja na chuo kikuu hawezi kunyimwa miaka. Wadhamini wawili waliowahi kufika umri wa miaka 112 bado nawatafuta. Kijijini kwetu wa mwisho alikuwa bibi mmoja ambaye umri wake ulikadiriwa kwa vita.

Pamoja na miaka hiyo naomba cheti. Kiwe cha karatasi ngumu, chenye nembo, muhuri wa moto na sahihi mbili, kikieleza kwamba mwenye nacho hatakiwi kufa kabla ya tarehe iliyotajwa. Nitakilaminisha. Dereva wa bodaboda akitaka kunipitisha mbele ya lori, nitamwonyesha. Presha ikipanda, mhudumu atakiweka kifuani pangu kabla ya dawa, ambazo huwa hazipo. Na Ziraili mtoa roho akifika kabla ya muda, ahudumiwe kama mnavyotuhudumia sisi. Alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, picha mbili za pasipoti zenye nyuma ya bluu, na nakala ya kitambulisho cha taifa iliyothibitishwa na mwanasheria. Aketi kwenye benchi. Saa saba aambiwe mtandao uko chini. Arudi Jumatatu akute faili limepelekwa makao makuu, na aliyekuwa akilishughulikia yuko likizo. Mzunguko mmoja wa namna hiyo utatosha kwa miaka 15. Namjua binadamu, na naamini hata malaika ana kikomo cha uvumilivu.

Uhakiki nao ubaki, tafadhali. Kila mara mnatutaka tuthibitishe kwamba tu hai, na hakuna anayetufuatilia kwa upendo kama huo, hata watoto wetu. Nitakuja nikiwa na miaka 112, mnielekeze kufumbua jicho mbele ya simu.

Historia ya jambo hili mnaijua, lakini niiguse kidogo kwa ajili ya kumbukumbu. Mwaka 2018 mliunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja, mkaja na asilimia 25 kwa wote. Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akaizuia na kuagiza ya zamani iendelee hadi 2023. Tukapumua. Julai 2022 ikaingia asilimia 33, kabla ya muda wa ahadi. Katika utumishi wangu wote, hicho ndicho kitu pekee cha mstaafu nilichokiona kikiwahi. Tulitangaziwa kwamba vyama vyetu vya wafanyakazi vilikaa nanyi mezani vikaafiki, vyama vile vile ambavyo ada yao hukatwa kabla sijauona mshahara, na ambavyo kila Mei Mosi hunirudishia sehemu ya ada hiyo kwa umbo la fulana, saizi moja chini ya yangu. Mwaka 2024 waliokuwa na 50 kwa kanuni za zamani wakapandishiwa hadi 40, waliokuwa na 25 wakafika 35. Huko ndiko kupandishwa kwenyewe: unashushwa ngazi 17, unapandishwa 7, unaombwa upige makofi.

Hesabu ningeivumilia. Kinachonikaba koo ni ile semina ya wastaafu watarajiwa. Kila mwaka wapo wanaoitwa ukumbini, wanapewa chupa ya maji na kalamu, na kijana mwenye tai anasimama mbele ya projekta kuwafundisha matumizi ya fedha. Anawaonya wasinunue magari mabovu. Anawaonya wasioe wake wadogo. Walimu wanawake, baadhi yao wajane, nao huandika kwenye daftari: nisiongeze mke. Kisha kuku wa kienyeji. Huwa lazima kuwe na kuku wa kienyeji.

Kijana huyo hajui kusomesha watoto wanne kwa mshahara unaoishia tarehe 9. Hajui mkopo wa kausha damu unavyoingia nyumbani kwa mwalimu na kutoka na friji. Nyumba yangu ilifika kwenye lenta na imekaa pale, mvua ikiingia na kutoka, ikisubiri hiyo hiyo fedha ambayo mnasema nitaichezea. Ni fedha yangu! Asilimia 5 mmeikata kwangu kila mwezi, na 15 ya mwajiri ni ujira wangu uliopitia mlango mwingine. Sikuomba sadaka. Mbunge anamaliza miaka yake 5, analipwa kiinua mgongo chake mkupuo mmoja, na hakuna anayemwekea projekta ya kuku. Yeye anaaminika. Mimi niliyemfundisha kuhesabu ndiye mtoto.

Samahani, waheshimiwa. Nimepandisha sauti, na walimu tuna ugonjwa huo. Niendelee.

Maombi mengine ni madogo, mnaweza kuyajibu mkiwa njiani. Naomba kikokotoo kipelekwe bungeni kwa majaribio ya muhula mmoja. Naomba fulana ya Mei Mosi iwe na mikono mirefu, jua la pale uwanjani ni kali na hotuba ni ndefu. Naomba mtume mtu Zanzibar, ambako tangu 2016 mzee aliyetimiza miaka 70 anapewa pensheni bila kuulizwa aliajiriwa na nani. Ni kiasi kidogo, lakini mama lishe na mvuvi wamo, wakati huku bara hata kikokotoo cha kuwanyima hatujawatengenezea. Na naomba yule kijana wa semina aje nyumbani siku moja ya mvua. Kuku ninao.

Endapo miaka 40 itaonekana mingi kwa bajeti ya mwaka huu, nipo tayari kupokea asilimia 33 kwa sasa na kusubiri iliyobaki, kama ilivyo desturi. Mnaweza pia kuniunganisha na mtu wenu asiyeihitaji yote. Nasikia huko juu ipo inayozidi.



Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Mstaafu mtarajiwa.

Nakala: Ziraili, kwa taarifa. Asichukue hatua yoyote hadi maombi haya yatakapojibiwa.