Funguo Nimepewa, Mengine Nitajijua

Nchi hii ukitaka kuendesha bajaji unatakiwa uwe na leseni. Ukitaka kusuka, utakaa kwenye saluni ya mtu ukifagia nywele hadi siku atakayokuamini na kitana. Lakini ukitaka kusimamia makeshia, wapanga bidhaa, mlinzi asiyemsikiliza mtu na friji la maziwa linalovuja, unahitaji jambo moja tu: aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aache ghafla.

Ndivyo nilivyopata usupavaiza kwenye supamaketi moja hapa Dar es Salaam. Ijumaa nilikuwa keshia. Jumatatu nikakabidhiwa kishada cha funguo, beji mpya na hotuba ya meneja: "Wewe mbona mzoefu, utazoea tu." Kisha akaenda benki. Sijui mameneja wa maduka wana nini huko benki, lakini likitokea tatizo lolote, wako huko.

Mafunzo yalikuwepo, nisimsingizie mtu. Nilionyeshwa mashine ya EFD nikaambiwa kila siku kabla ya kufunga lazima nitoe ripoti ya Z, la sivyo tutatembelewa na TRA. Nikauliza Z ni nini. Nikaambiwa ni ripoti. Semina ikaishia hapo. Kwamba karatasi ile ndiyo jumla ya mauzo ya siku nzima pamoja na VAT yake, nilielezwa na keshia mmoja tukiwa tunasubiri daladala. Yeye pia ndiye aliyenieleza kwa nini ndizi mbivu haina VAT lakini biskuti inayo. Mshahara wake ni mdogo kuliko wangu, na naomba asisome safu hii.

Kazi yenyewe ni kuitwa. Keshia haruhusiwi kufuta kitu kilichokwisha kupita kwenye mashine. Lazima supavaiza aje na kadi yake. Sababu inaeleweka: mtu akiachiwa afute mwenyewe, mteja akishatoka na mzigo wake anaifuta sukari na hela ya sukari inaingia mfukoni. Ila aliyeweka utaratibu huu hajawahi kukutana na mteja aliyepungukiwa hela mwisho wa mwezi. "Kaka, toa huo mtindi. Imekuwa ngapi? Haya toa na sabuni. Sasa ngapi? Basi rudisha mtindi, toa mafuta." Kila toa ni kadi, kila kadi ni safari, na kabla sijafika kaunta hiyo, ya mwisho kabisa nayo imeshapaza sauti: "Supavaizaaa!" Foleni yote inageuka kunitazama mimi, kana kwamba mtindi niliupandisha bei mimi.

Hata hivyo kadi si lolote. Kinachonitoa jasho ni shikamoo.

Kuna mama mmoja wa kaunta ya pili, rika la mama yangu mdogo. Ndiye aliyenifundisha kutambua noti bandia kwa kuipapasa, bila hata kuiangalia. Kila asubuhi namwamkia, ananiitikia, "Marahaba mwanangu, umekunywa chai?" Sasa mtu aliyekuuliza kama umekunywa chai, utamwambiaje muda mfupi baadaye kwamba simu haziruhusiwi kaunta? Nilijaribu. Nikasogea, nikainama kama nimefuata posa: "Mama, samahani, naomba, kama hutajali, ile simu..." Akaweka kiganja juu ya simu, akaniambia, "Naongea na baba yako mdogo." Nikamwambia anisalimie.

Vijana wenzangu nao wana adhabu yao. Tangu nipate beji jina langu limepotea, naitwa Mheshimiwa. Wiki ya kwanza walidai soda za kupandishwa cheo, na soda hazina mwisho, kwa sababu kila zamu ina watu wake. Nyongeza ya mshahara ilinywewa yote kabla haijaingia.

Halafu kuna ratiba ya zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu. Hiyo niliisoma mwenyewe usiku, kwenye simu, na ndiyo sehemu rahisi ya ratiba. Sheria haikusema nifanye nini Jumamosi ambayo mmoja ana kicheni pati, mwingine ana kikao cha sendofu ya mdogo wake, mwingine ana vikoba, na yule mpanga bidhaa mpole kuliko wote amefiwa na bibi huko Morogoro. Bibi huyo huyo tulimchangia rambirambi kabla ya Pasaka. Na sina ujasiri wa kuuliza: je, kama ni bibi wa upande wa pili?

Kwenye friji la maziwa kuna vita baridi. Kanuni ni kwamba pakiti inayokaribia kuisha muda ikae mbele, ile mpya nyuma. Wapanga bidhaa wanafanya hivyo alfajiri, inapendeza. Saa mbili anaingia mama mwenye kanga begani, anaufungua mlango, anazamisha mkono hadi kwapani, anaupapasa ukuta wa nyuma, anaibuka na pakiti ya nyuma kabisa. Anaisogeza karibu na macho, anasoma tarehe, anatabasamu. Zile za mbele zimelala chali. Simlaumu. Nyumbani kwangu mimi nina maziwa ya nyuma.

Na bei! Rafuni kijikaratasi kinasema elfu tatu na mia tano, mashine inasema elfu nne na mia mbili. Ofisini wamebadilisha bei kwenye kompyuta, kijikaratasi hakikuambiwa. Mteja anadai bei ya rafuni, na kwa haki kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyomshawishi. Nampigia meneja niulize tunauza bei gani. Yuko benki.

Mwenye duka anadhani ameokoa fedha za mafunzo. Hajaokoa kitu. Amewapelekea bili wateja, nao wanailipa kwa dakika wakiwa wamesimama kwenye foleni wakati mimi natafuta ni ufunguo upi kati ya hizi funguo unaofungua droo ya chenji. Wiki moja tu ya kukaa na mtu anayeijua kazi ingetosha. Hata siku mbili. Hata daftari la kurasa kumi, lenye ukurasa mmoja unaosema ufunguo wenye gundi nyekundu ni wa nini, maana hadi leo haujafungua kitu.

Chenji ndiyo itakayoniua. Tunafungua asubuhi na sarafu kiduchu, na mteja wa kwanza huwa ana noti ya elfu kumi na chupa ya maji ya mia sita. Wa pili naye hivyo hivyo. Zamani tuliwaokoa kwa pipi na viberiti, siku hizi wanakataa, wanasema hawakuja kununua viberiti, na wana haki. Lipa namba ipo, ila mtandao ukiamua kukata, unakata foleni ikiwa imefika kwenye rafu ya unga.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipita dukani kwetu karibu sana. Dai risiti yako. Soma tarehe, zamisha mkono hadi nyuma ukitaka. Ila kama una noti ya elfu kumi na unachotaka ni maji, nakuomba kwa heshima zote, anzia duka la jirani.