Ghala la Mzee Kobe

Chini ya mlima mmoja palikuwa na kijiji cha wanyama, na katikati ya kijiji mti ambao kokwa zake zilikuwa na hesabu maalumu: tangu uote hadi ukauke, usingezaa zaidi ya milioni 21. Kando ya mti ulilala mwamba mpana. Kila kokwa ilipohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, alama ilichorwa mwambani mbele ya macho ya wote, na alama ikishachorwa haikufutika. Hapakuhitajika jumbe wala karani. Aliyejua neno la siri la kokwa ndiye mwenye kokwa.

Neno hilo ndilo lililowashinda wengi. Chura alilisahau mvua za kwanza ziliponyesha. Kindi aliliandika kwenye jani, kiwavi akalila. Ndipo Mzee Kobe, aliyekuwa amenunua ghala kwa mwenyeji aliyelichoka, alipotangaza: "Nileteeni mimi, wanangu. Nitawatunzia, nitawauzia na kuwanunulia, nanyi mtalala usingizi."

Nani angemshuku Kobe, ambaye hajui hata kukimbia? Wakaleta kwa vikapu. Kila mmoja aliandikiwa hesabu yake daftarini, akaondoka ameridhika. Lakini mwambani, kuanzia saa ile, kokwa zilisomeka kuwa za Kobe. Za Kindi zilibaki kwenye daftari tu. Msomaji atulie hapo kidogo, maana maafa yote yaliyofuata yaliingia kwa upenyo huo mmoja.

Panya waliupata ufunguo mapema sana. Hawakuvunja mlango wala kubeba yote kwa usiku mmoja. Panya huuma huku akipuliza: leo kapu, kesho kutwa makapu mawili, na magunia ya mbele wakayaacha yamesimama wima. Kobe alikaa mlangoni akipokea wageni wapya. Kuingia ndani kuhesabu hakuingia. Alipoona mambo hayalingani alichukua kalamu, akaongeza tarakimu daftarini.

Bi Kanga peke yake ndiye aliyeuliza.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, Bi Kanga. Umeleta ngapi leo?"

"Leo sikuleta. Nimekuja kutia mguu guniani, nizione zangu."

"Bi Kanga, unanivunjia heshima mbele za watu."

Waliokuwa kwenye foleni wakamzomea. Walisema ana wivu, ana ushamba, anataka kuitia nuksi biashara ya kijiji. Akarudi nyumbani bila kuona kitu, na mimi hadi leo naona waliozomea walimsaidia panya kuliko giza lilivyomsaidia.

Ghala hilo sikulibuni. Liliitwa Mt. Gox na ofisi yake ilikuwa Shibuya, mjini Tokyo. Katika mwaka 2013 sehemu kubwa ya biashara ya bitcoin duniani, sarafu ya kidijitali ambayo ndiyo kokwa za hadithi hii, ilipitia hapo. Tarehe 7 Februari 2014 lilisimamisha utoaji wa bitcoin. Tarehe 28 mwezi huohuo likaomba ulinzi wa mahakama, likieleza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani, na 750,000 kati ya hizo zilikuwa za wateja. Baadaye 200,000 zilipatikana kwenye pochi ya kidijitali ya zamani ambayo kampuni yenyewe ilisema ilidhani haina kitu. Fikiria mtunza mali anayeweza kusahau gunia la ukubwa huo. Wezi walikuwa wameanza kuchota tangu 2011, na wateja wapya wakaendelea kupokelewa kwa miaka.

Siku kijiji kilipokuta kufuli, Kobe alitoa kichwa nje ya gamba na kusema mwamba ndio wenye kasoro: alama hubadilishwa sura, ndiyo maana hesabu imevurugika. Nyuki, ambao huhesabu bila kuchoka, wakapita alama moja baada ya nyingine. Kasoro waliiona, ilikuwepo kweli, ila kokwa zilizoweza kupotea kwa njia hiyo zilikuwa chache mno. Wachunguzi wa Zurich nao walifikia hitimisho la namna hiyo kuhusu Mt. Gox, Machi 2014.

Basi wenye mali wakasubiri nje. Tokyo walisimama kwenye theluji na mabango wakiuliza fedha zao ziko wapi. Kijijini alisimama Digidigi, aliyeweka akiba ya karo ya wanawe. Hakupiga kelele. Kila asubuhi alimwuliza mlinzi, na kila asubuhi mlinzi akamjibu, "Bado wanaangalia." Ubaya wa jibu hilo ni kwamba halimruhusu mtu hata kuomboleza. Aliyefiwa huzika, akaanua matanga, akarudi shambani. Digidigi hakujua kama amefiwa.

Shauri likamfikia hakimu Tembo. Akakuta kwamba Kobe hakuila mali ya wateja, bali alilighushi daftari. Mahakama ya Tokyo iliamua hivyo Machi 2019 kwa mkuu wa Mt. Gox: alionekana hana hatia ya kujitwalia fedha, akatiwa hatiani kwa kuchezea kumbukumbu za kielektroniki, na kifungo chake kikaahirishwa. Juni 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya Warusi 2 kwa wizi wa bitcoin zipatazo 647,000 za ghala hilo.

Wakati mashauri yakiendelea, kokwa chache zilizookolewa zilikuwa zimepanda bei mara nyingi, na sheria ya kufilisika ilitaka wenyewe wapewe thamani ya siku ufilisi ulipoanza. Wadai walipigania jambo hilo hadi shauri likabadilishwa mkondo mwaka 2018. Kurudishiwa bitcoin kulianza Julai 2024. Miaka 10! Mtoto wa Digidigi aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo alikuwa ameshaoa.

Kokwa hazikuacha kuchumwa, na ng'ambo ya mto Korongo akafungua ghala lake, kubwa kuliko la Kobe. Nalo likaibiwa: wezi waliibadilisha karatasi ambayo wazee wa ghala walikuwa wakiitia muhuri, wazee wakadhani wanahamisha kokwa kwenda chumba cha pili, kumbe wanazikabidhi kwa majambazi. Dubai, kwenye ghala la Bybit, ilikuwa hivyo tarehe 21 Februari 2025, na sarafu za kidijitali zilizotoweka zilikuwa za dola bilioni 1.5 hivi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliinyoshea kidole Korea Kaskazini.

Korongo hakujificha. Kabla jua halijachwa alipanda juu ya kichuguu na kusema, "Tumeibiwa. Kiasi ni hiki. Mlango hautafungwa; anayetaka chake apange foleni." Usiku kucha akalipa, akikopa kwa majirani ili asipungukiwe.

Bi Kanga alipanga foleni na wengine. Zamu yake ilipofika akachukua kokwa zake zote, akazihesabu mbele ya mlinzi.

"Mama, hata mimi huniamini?" Korongo akauliza.

"Nakuamini, mwanangu, na Mungu akulipe kwa ulichofanya leo," akajibu. "Ila wale wazee wako walitia muhuri bila kusoma."

Akafunga kapu, akaenda kujifunza neno lake la siri kwa moyo, na Digidigi akamfuata ili naye afundishwe.