Heri Nusu Picha

Televisheni ya dijitali, kwa maelezo mafupi, ni mfumo wa kurusha picha na sauti zilizogeuzwa kuwa tarakimu, yaani mfuatano wa sifuri na moja, ambao hauna maana yoyote kwa seti ya zamani mpaka upitie katika kisanduku kidogo cha kuufasiri. Watanzania walikiita kisanduku hicho king'amuzi, kutokana na kitenzi kung'amua, ambacho maana yake ni kutambua jambo lililofichika. Ni vigumu kutaja kifaa kingine cha nyumbani kilichotunukiwa jina la heshima kiasi hicho, kwani pasi imebaki kuwa pasi, na simu, pamoja na siri zote inazozijua, imebaki kuwa simu. Insha hii inachunguza masaibu ya mji wa Mwanza tangu ulipoletewa chombo kinachong'amua, na hoja yake ni moja: mfumo wa zamani ulikuwa na huruma, na huu mpya una akili tu.

Kwanza historia. Zanzibar ilianza kurusha televisheni mwaka 1973, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Mwaka 2006, katika mkutano wa Geneva, mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia yalikubaliana kwamba kinga ya matangazo ya analojia ingekoma tarehe 17 Juni 2015, lakini nchi za Afrika Mashariki zikajiwekea tarehe ya karibu zaidi, mwisho wa mwaka 2012. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, zikafuata zamu za Dodoma na Tanga, na Mwanza ikapangiwa tarehe 28 Februari 2013, kabla ya Arusha, Moshi na Mbeya. Taifa lililozoea kusubiri barabara, maji na vivuko kwa subira ya kupigiwa mfano lilijikuta limeiwahi tarehe ya Geneva kwa zaidi ya miaka miwili, na mwananchi mwenye kumbukumbu nzuri hakukosa kutambua kwamba mradi uliokwenda kwa ratiba ulikuwa wa kuzima.

Sababu za kuzima zilikuwa za maana, na haki inadai zielezwe. Katika mfumo wa analojia, kituo kimoja cha televisheni kilikalia masafa mazima peke yake, mithili ya abiria mmoja aliyekodi daladala nzima ya Igoma na kujilaza kiti cha nyuma, wakati mfumo wa dijitali una mtambo uitwao maltipleksi, ambao hufanya kazi ya konda hodari kwa kuwabananisha abiria kumi na zaidi katika masafa yaleyale, na nafasi inayobaki hupewa watu wa simu na intaneti. Hakuna mkazi wa Mwanza aliyehitaji somo refu juu ya jambo hilo, kwa kuwa tayari alikuwa akilisomea kila asubuhi akiwa amesimama na shingo imepinda.

Kilichohitaji somo ni chenga. Analojia ilisafirisha picha kama wimbi linalopanda na kushuka kufuatana na mwanga wa picha yenyewe, hivyo wimbi lilipodhoofika picha nayo ilidhoofika taratibu, na vidoadoa vyeupe vilivyotapakaa kwenye kioo vikaitwa chenga, kwa jina la punje za mchele zilizovunjika, ambazo kila mpishi anajua kwamba hazipendezi machoni lakini zinapikika na zinashibisha. Mtazamaji wa Igogo aliweza kumwona mshambuliaji akipiga chenga katikati ya chenga, akahesabu wachezaji thelathini uwanjani kwa sababu wengine walikuwa vivuli vya wenzao, na bado Jumatatu akafika kazini na maoni kamili kuhusu mwamuzi.

Dijitali haijui mambo hayo ya nusu. Ndani yake zimo hesabu za kusahihisha makosa yanayotokea njiani, kwa hiyo wimbi likipungua kidogo picha hubaki safi kana kwamba hakuna lililotokea, lakini likishuka chini ya kiwango fulani hesabu zote hushindwa kwa pamoja, picha hukatika vipande kama vigae, msomaji wa habari huganda jicho moja likiwa limefumba na mdomo ukiwa wazi, kisha kioo huwa cheusi na kutoa tangazo kwamba hakuna mawimbi. Wahenga walionena kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili hawakupata kumiliki king'amuzi, lakini tabia yake walikwisha kuieleza.

Mwanza, kwa bahati yake, ni mji uliojengwa juu ya miamba, chini ya miamba na katikati ya miamba, na mawimbi ya televisheni husafiri takriban katika mstari ulionyooka, hivyo nyumba iliyojificha nyuma ya jiwe huwa katika kivuli hata kama mnara hauko mbali. Ziwani mambo ni kinyume, kwa kuwa maji hayana vilima, na mvuvi ambaye kijiji chake kinautazama mnara kupitia maji matupu anaweza kupata picha safi kuliko mkazi wa mjini. Miongoni mwa walionyimwa picha safi ni mwandishi wa insha hii, ambaye kwa ajili ya kulinda hadhi ya taaluma atatajwa kama mtafiti, na ambaye nyumba yake ya Mabatini imeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Siku ya kufunga antena, mapacha wa mtafiti, ambao kwa desturi ya Wasukuma ni Kulwa na Doto, waligawana kazi: Kulwa alipanda mwambani na mlingoti, Doto akakaa dirishani kupokeza taarifa, mama yao akakaa mbele ya televisheni, na mtafiti akasimama uani akisimamia. Kasoro ilikuwa kwamba king'amuzi huhitaji sekunde kadhaa kuzikusanya tarakimu kabla ya kuonyesha picha, hivyo kila sauti ya "Hapo hapo, usiguse!" ilipomfikia Kulwa, antena ilikuwa imekwisha kugeukia Ukerewe. Baada ya saa mbili picha ilitulia antena ikiwa imeupa mnara kisogo na kulielekea jiwe la jirani, jambo ambalo fundi alilicheka hadi alipokumbuka kwamba mawimbi hugonga mwamba na kurudi, kisha akadai malipo yake kamili.

Hapo ndipo neno bure linapohitaji fasili. Chaneli zisizolipiwa, ambazo awali zilikuwa tano, yaani TBC1, ITV, Star TV ya papo hapo Mwanza, Channel Ten na EATV, zilitakiwa kuonekana hata kifurushi, yaani malipo ya mwezi, kinapokwisha. Zilikuwa bure kweli, baada ya kununua king'amuzi, antena, waya, mlingoti, fundi na umeme wa Luku. Mwaka 2018 zilipoondolewa katika ving'amuzi vya setilaiti, ambavyo leseni zake hazikuruhusu kuzibeba, nyumba zenye uwezo ziliongeza king'amuzi cha pili, na rimoti zikawa tatu mezani, ingawa betri zilibaki mbili.

Mtihani wa mwisho uliletwa na jirani mwenye redio. Kwa kuwa dijitali huichakata picha kabla ya kuirusha na huifasiri tena inapofika, huchelewa kwa sekunde chache, ilhali redio ya kawaida haina safari hiyo. Siku ya Simba na Yanga, mtafiti na familia yake walikuwa wakitazama mpira ukiwa bado katikati ya uwanja, waliposikia kupitia ukutani jirani akishangilia bao. Mtafiti aliudhika kwa mechi mbili, na katika ya tatu, picha ilipoganda kama kawaida yake, alisikika akimwomba jirani aongeze sauti. Tangu hapo televisheni ya nyumba hiyo huzimwa sauti siku za mechi, masikio yakawa ya jirani na macho ya king'amuzi, na nusu picha iliyozimwa tarehe 28 Februari 2013 ikawa imerudi Mabatini kwa kupitia ukutani.