Mjomba Mawimbi Anajibu

Safu hii inashughulikia matatizo ya redio za CB kwenye pikapu, hasa za ndugu zetu walioko Marekani. Walioandika kuuliza habari za mahari, viza na mirathi nimewapeleka kwa Shangazi wa ukurasa wa nyuma. Yeye naye huniletea wote wenye shida ya fyuzi.

*

Mjomba, shikamoo. Nimenunua Ford F-150 ya mwaka 2019 na antena ya sumaku. Nikiibandika juu ya paa, inaanguka. Nimepangusa paa kwa spiriti, imeanguka. Muuzaji wa antena anasema gari ndilo bovu, muuzaji wa gari anasema antena ndiyo mbovu, na mke wangu anasema ni kijicho cha jirani. Nimwamini nani?
Naangukiwa, Dallas

Marahaba, mpwa wangu. Jirani hana hatia, wala hao wauzaji. Tangu matoleo ya 2015 Ford wanaunda bodi ya F-150 kwa aluminiamu, na sumaku na aluminiamu hazijuani. Hata ungepangusa kwa marashi ya Pemba.

Aluminiamu inapitisha umeme vizuri, kwa hiyo antena ikishafungwa itafanya kazi bila tatizo. Kinachokosekana ni kishikio. Nunua kile cha kubana kwa skrubu kwenye ukingo wa boneti, au kile cha kufunga kwenye kingo za nyuma za pikapu. Mahali bora kuliko pote ni katikati ya paa, kwa kutoboa tundu, lakini kabla hujashika drili kumbuka kwamba sehemu kubwa ya paa hilo bado ni mali ya benki.

Ukichagua nyuma, jihadhari na jambo moja. Sehemu ya mizigo ya pikapu ni kipande peke yake, kimekaa juu ya chesisi kwa boliti zenye rangi na kutu, na mara nyingi hakigusani vizuri na chuma kingine cha gari. Antena inahitaji chuma kile kama inavyohitaji fimbo yake yenyewe. Kwangua rangi pale kishikio kinapobana, kisha unganisha sehemu ya mizigo na chesisi, na chesisi na kabini, kwa waya bapa wa kusukwa. Kazi ya nusu saa, na wengi hawaifanyi.

*

Mjomba, mita yangu ya SWR inasoma zaidi ya 3. Shemeji alisema antena ni ndefu mno, nikaikata. Haikubadilika, nikaikata tena. Sasa shemeji hapokei simu na mita inasoma vibaya kuliko mwanzo. Nifanyeje?
Mkata Antena, Columbus

Kwanza weka koleo chini. Pili, msamehe shemeji. Alikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kupatia, jambo ambalo ni zaidi ya kawaida yake.

Sasa sikia. Redio inatuma nguvu kwenye antena, na antena isipokuwa na urefu unaofaa, sehemu ya nguvu hiyo inagoma kutoka na kurudi ilikotoka. SWR inakuambia ni kiasi gani kinachorudi. Mita ikisoma 1.5, inarudi asilimia 4 tu, lala salama. Ikisoma 2, ni kama asilimia 11, vumilia. Ikisoma 3, ni robo nzima, na anayelipia ni transista ya mwisho ya redio yako. Hapo usibonyeze maiki tena mpaka umerekebisha.

Peleka pikapu uwanjani, mbali na ukuta, bati na miti. Wapimao ndani ya gereji wanapima gereji. Funga milango na boneti, na umwombe shemeji asiegemee gari. Funga mita kati ya redio na antena, na uangalie tundu lipi ni la redio na lipi ni la antena. Watu wenye shahada wameyafunga kinyume. Weka swichi ya mita upande wa kupima nguvu inayokwenda, bonyeza maiki bila kusema neno, zungusha kitufe mpaka mshale ufike alama ya kuanzia, kisha geuza swichi usome SWR. Fanya hivyo chaneli ya 1, ya 19 na ya 40, na kila ukibadili chaneli rudia kuseti mshale. Ukiruka hatua hii unakuwa unasoma uongo ulioutunga mwenyewe.

Sasa linganisha. Chaneli ya 1 iko kwenye megahezi 26.965 na ya 40 iko kwenye 27.405, kwa hiyo ya 1 ndiyo yenye wimbi refu zaidi. SWR ikiwa mbaya zaidi kwenye 1 kuliko 40, antena ni fupi. Ikiwa mbaya zaidi kwenye 40, antena ni ndefu. Hapo ndipo shemeji angetakiwa kuanzia. Wimbi zima lina urefu wa mita 11 hivi, na robo yake ni mita 2.75, ndiyo maana wazee wa kazi hii hufunga fimbo ndefu inayogonga matawi ya barabarani. Antena fupi za fimbo ya plastiki zimezungushiwa waya ndani ili zijifanye ndefu, na nyingi zina skrubu ya kurekebisha nchani. Izungushe kidogo, pima, zungusha tena.

Wewe umeshakata, na chuma hakioti. Jaribu kuongeza springi ya chini kati ya kishikio na antena, maana nayo inahesabiwa kwenye urefu. Isipotosha, nunua nyingine. Lakini kabla ya hapo nina swali: je, chaneli zote tatu zinasoma juu ya 3, karibu sawa? Kama ndivyo, urefu haukuwa kosa tangu mwanzo. Aidha kishikio hakigusi chuma cha gari, au plagi ya kebo ina uzi wa waya unaogusa pasipotakiwa, au umeibana kebo kwenye mlango. Yaani umeikata antena kwa kosa la mlango.

*

Mjomba, nasikia watu wa mbali lakini wao hawanisikii. Rafiki ameniuzia kiongeza nguvu cha wati 100. Nikifunge?
Sauti Ndogo, Minneapolis

Usikifunge. Kwanza ni haramu: huko Marekani redio ya CB inaruhusiwa wati 4 kwa AM na wati 12 kwa SSB, na viongeza nguvu havikubaliki hata kidogo. Pili, hesabu yake inasikitisha. Ili mshale wa redio ya msikilizaji upande alama moja tu, inabidi uzidishe nguvu mara nne. Kutoka wati 4 mpaka 16, alama moja. Kutoka 16 mpaka 64, alama ya pili. Hizo wati 100 zitakupa alama mbili na kidogo, bili ya altaneta, na barua kutoka tume ya mawasiliano.

Antena nzuri iliyokaa juu ya paa inaweza kukupa hizo alama mbili bila kumsumbua mtu. Kirudishe kiongeza nguvu kwa huyo rafiki. Akikataa kukipokea utajua kwa nini alikiuza.

*

Mjomba, nikikanyaga mafuta redio inalia ngiiii, na nikipunguza nayo inapunguza. Nimechukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara.
Ngiiii, Houston

Hiyo ni altaneta yako inaimba, na umeipa njia mwenyewe. Toa waya kutoka tundu la sigara, peleka mwekundu na mweusi moja kwa moja kwenye betri, na weka fyuzi karibu na betri, siyo karibu na redio, maana fyuzi inalinda waya. Ikiendelea kulia, chomoa antena huku redio ikiwa imewaka bila kubonyeza maiki. Kelele ikikoma, inaingia kwa antena; ikibaki, inaingia kwa waya za umeme. Na kama unasikia ta-ta-ta badala ya ngiiii, kakague plagi za injini na waya zake.

*

Mjomba, nataka antena mbili, moja kila kioo cha pembeni, kama malori makubwa. Nitasikika maradufu?
Pacha, Phoenix

Utaonekana maradufu. Antena pacha zinahitaji kuachana kwa mita 2.7 hivi ili zisaidiane, na pikapu yako ina upana wa mita mbili. Zikikaribiana mno zinaharibiana kazi. Kama shida yako ni urembo, sema urembo, nami nitakuelekeza kwa muuza taa za rangi.

*

Mjomba, vijana kazini wananicheka. Wanasema CB ilikufa na simu zina kila kitu. Nimepoteza pesa?
Mzee Kijana, Laramie

Umeandika kutoka Laramie, Wyoming, halafu unauliza hivyo? Subiri barabara ya I-80 ifungwe kwa upepo na theluji, malori yamepanga foleni gizani, na simu haina mtandao. Dereva aliye kilomita nane mbele atakuambia kwenye chaneli ya 19 kwamba kuna tela limelala njiani, na hatakuomba nywila.

Waambie hao vijana kwamba redio hizi zilipata umaarufu baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973. Serikali ikaweka kikomo cha maili 55 kwa saa, madereva wa malori wakaanza kuambizana wapi kuna dizeli na wapi polisi wamejificha. Mwaka 1975 C.W. McCall akatoa wimbo wa “Convoy”, na ghafla kila mwenye gari akataka maiki. Mke wa Rais, Betty Ford, alikuwa na jina lake la hewani, “First Mama”. Chaneli zilikuwa 23. Mwaka 1977 zikawa 40 kwa sababu watu walikuwa wanakanyagana. Ni kweli kelele hizo zimepungua. Kwangu hiyo ni sifa: waliobaki wana la kusema.

Chaneli ya 9 iachie dharura. Na mkikutana Waswahili wawili kwenye 19, salimianeni kwa ufupi kisha hamieni chaneli nyingine. Salamu zetu ni ndefu, na nyuma yenu kuna mtu anataka kujua kama mizani imefunguliwa.

*

Mjomba, nina Hilux Mombasa. Nataka CB niongee na madereva wa barabara ya Nairobi.
Msafiri, Changamwe

Utaongea peke yako, mwanangu. Wao wako WhatsApp. Na kabla hujaingiza redio yoyote ya kurusha mawimbi, kawaulize mamlaka ya mawasiliano, usije ukaulizwa wewe bandarini.

*

Mjomba, mume wangu amefunga CB kwenye pikapu. Tangu Januari, kila siku saa nane za usiku anatoka kitandani, anakaa ndani ya gari mpaka saa kumi akizungumza kwa sauti ya chini. Nikimuuliza anasema mawimbi yanaruka angani na anaongea na mtu wa Brazil. Je, mambo hayo yapo?
Macho Makavu, Ohio

Shemeji, mambo hayo yapo. Jua likiwa na madoa mengi linachangamsha tabaka za juu za anga, na mawimbi ya CB yanagonga huko na kushuka maelfu ya kilomita mbali. Mchangamko huo huenda kwa mzunguko wa takribani miaka 11, na kilele cha karibuni kilitangazwa mwaka 2024. Kwa hiyo Brazil kusikika Ohio si ajabu.

Ajabu ni saa. Kazi hiyo ni ya jua, na jua likishazama, masafa ya megahezi 27 hufunga duka. Saa nane za usiku, katikati ya kipupwe, Brazil imelala na anga limelala.

Najua umefikiria kutoka nje kimyakimya ukafungue antena uone kama mazungumzo yataendelea. Tafadhali usifanye hivyo. Kama kweli anatumia redio, utaiunguza, na redio haijakukosea kitu. Mpikie chai, kaa naye, umuulize kwa upole huyo Mbrazili anapatikana chaneli gani. Akikutajia namba kati ya 1 na 40, niandikie tena. Akikutajia namba yenye tarakimu kumi, mwandikie Shangazi.